Ukipata Ndege Kesho, Nani Atafungua?

Kipindi cha elimu. Mazungumzo ya mtangazaji mmoja. Dakika 20.

(Muziki wa kufungua, sekunde 10. Unashuka, unazima.)

Kama uko hapa Nakivale, kama uko Kyangwali au Rwamwanja, kama unatusikia kwa simu ukiwa ng'ambo ya mpaka, karibu. Na wewe unayesoma maandishi haya kwa sababu saa ya kipindi ulikuwa shambani au kwenye foleni ya maji, karibu pia. Hujapitwa na kitu.

Leo nataka kuzungumza nawe juu ya laptopu za shule. Najua wengine mmeshaanza kusema, hayo ni mambo ya wataalamu. Subiri kidogo. Siongei na wataalamu. Naongea na wewe mwalimu uliyekabidhiwa chumba cha kompyuta bila kuulizwa. Naongea na wewe mzazi ambaye mtoto wako anarudi nyumbani akisema, "Leo tena hakikufunguliwa." Na naongea na wewe kijana ambaye kila simu ikigoma mtaani kwenu, wewe ndiye unayeitwa. Mimi ni mmoja wa hao vijana, na ninayokuambia leo nimejifunza kwa kukosea.

Nilimaliza kidato cha nne hapa hapa makazini. Sikuendelea, karo ilikosekana. Kompyuta nilijifunzia redioni, kwa kukata sauti na kuunganisha vipande vya mahojiano. Sijakaa darasa la kompyuta hata siku moja. Lakini mnajua maisha ya kambi: ukionekana mara mbili umeshika laptopu, tayari wewe ni injinia.

Ndiyo maana shule moja ya sekondari ya hapa ilipopokea laptopu 40 kutoka kwa mfadhili, mwalimu mkuu alinipigia simu. Akaniambia, "Mwanangu, njoo utusaidie. Vitu vimefika na hakuna anayethubutu kuvigusa." Nilikwenda siku hiyo hiyo, nimevaa gauni langu la kanisani.

Maboksi yalikuwa stoo, juu ya magunia ya unga wa uji wa wanafunzi. Nilipokuwa nahesabu niliona kwenye kona laptopu nyingine 11, kuukuu, zimefunikwa kitenge. Nikauliza, na hizi? Mtunza stoo akacheka. Akasema hizo zina miaka minne hapo. Zililetwa, kijana mmoja akaziandaa vizuri, wanafunzi wakazitumia mwaka mzima. Halafu yule kijana na familia yake wakapata ndege.

Ninyi mnaoishi kambini mnajua kupata ndege ni nini. Jina linatoka, unapewa tarehe, na baada ya muda mfupi uko Kanada, uko Australia. Unagawia majirani sufuria na godoro. Yule kijana naye aligawa sufuria na godoro. Lakini neno la siri la zile laptopu aliondoka nalo kichwani. Hakufanya kwa ubaya. Alisahau, na hakuna aliyemkumbusha, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa analijua.

Mimi nilitikisa kichwa. Nikasema mbele ya mtunza stoo, "Huyu naye alikuwa anafikiria nini?"

Yashike maneno hayo, msikilizaji. Tutayarudia.

(Sauti ya wanafunzi wakiingia darasani, sekunde 5.)

Sasa nikaanza kazi. Niliziwasha zote 40, nikaziwekea neno moja la siri, gumu, la kwangu mwenyewe. Nikaandika sheria peke yangu, nikabandika mlangoni: usiguse hiki, usifungue kile, usibadilishe chochote. Funguo za chumba zilikuwa mbili. Zote mbili nilizitia kwenye kamba moja nikazivaa shingoni. Nilipopita uwanjani wanafunzi waliniita "Dada Kompyuta". Nakuambia kweli, jina hilo lilinipendeza.

Tatizo la kwanza lilikuja siku ya tatu, nalo lilikuwa la umeme. Shule inatumia umeme wa jua. Nilichomeka chaja zote kwa pamoja. Inveta ikapiga kelele mara moja, ikazima. Nikaiwasha tena, ikazima tena. Nikasema inveta ni mbovu.

Kumbe mbovu ilikuwa hesabu yangu. Chukua kalamu kama unayo, kwa sababu hesabu hii itakufaa. Chaja ya laptopu ndogo kama zetu huvuta kama wati 45. Zidisha mara 40, unapata wati 1,800. Inveta ya shule ilikuwa ya wati 1,000. Haiwezi, hata uisemeshe vipi. Na betri? Betri ya sola ya volti 12 na ampea 200 kwa saa, ukizidisha, inabeba kama wati 2,400 za saa moja. Lakini betri hizi za maji ya asidi ukizishusha chini ya nusu kila siku zinakufa mapema. Kwa hiyo za kutumia ni 1,200 hivi. Laptopu zetu 40, kila moja ikitaka kama 40 ili ijae, zinahitaji 1,600. Hata kama ningezichaji usiku kucha, betri isingetosha, na taa za darasa la usiku zingezimika.

Aliyenifanyia hesabu hiyo si mwalimu. Ni fundi wa redio wa sokoni, baba mmoja kutoka Kivu ambaye hajui kuandika barua pepe. Alikuja kwa sababu mtoto wake anasoma pale. Akaangalia, akasema taratibu, "Binti yangu, chaji mchana jua likiwaka. Chaji kumi kumi, saa mbili kwa kila kundi, kuanzia saa 2 asubuhi mpaka saa 10. Usiku waachie watu taa." Akaondoka. Mimi nikamshukuru, nikabadilisha ratiba, na sikumwita tena. Hilo nalo lilikuwa kosa. Mtu anayejua umeme kuliko mimi alikuja kwa miguu yake mwenyewe, nami nikamwacha arudi sokoni.

Tatizo la pili lilikuwa la walimu. Nilipanga mafunzo Jumamosi mbili. Walikuja wachache. Mwalimu wa hesabu, mzee anayeheshimiwa sana, kila mara alikuwa na udhuru: mgonjwa nyumbani, mkutano, shamba. Nikawaambia marafiki zangu redioni kwamba walimu wazee hawataki maendeleo.

Halafu jioni moja nilirudi kuchukua simu niliyoisahau, nikamkuta yule mwalimu amesimama dirishani kwa nje, anatazama ndani ya chumba kilichofungwa. Aliponiona aliona haya. Akaniambia, "Mwanangu, unataka nibonyeze kitufe vibaya mbele ya watoto wa miaka 14? Hao kesho watanisikiliza hesabu?"

Sikuwa na jibu. Mafunzo yangu niliyafanya mchana, madirisha wazi, wanafunzi wamejazana nje wakichungulia. Na kila mwalimu alipokwama, mimi nilikuwa nanyoosha mkono, nabonyeza mwenyewe, haraka, nasema, "Ni rahisi tu." Ni rahisi tu! Ukimwambia mtu mzima aliyekwama kwamba jambo ni rahisi, umemwambia kwamba yeye ni mjinga.

Tatizo la tatu ndilo lililonifanya nije mbele ya maikrofoni hii leo.

(Muziki mfupi, sekunde 5.)

Katika mtaala mpya wa sekondari ulioanza Uganda mwaka 2020, wanafunzi wanafanya kazi za miradi. Si kukariri peke yake. Mwanafunzi anachagua tatizo la mahali anapoishi, anatafuta njia ya kulitatua, anaandika ripoti. Kwenye shule yetu wanafunzi wengi waliamua kuandikia ripoti zao kwenye laptopu. Binti mmoja alichagua mradi wa sabuni. Mama yake anatengeneza sabuni ya kipande na kuuza. Binti akapima mafuta, akapima maji, akaandika bei, akaandika faida. Alikuja kwenye kompyuta wiki sita, zamu yake ikifika, akiandika kwa vidole viwili.

Wiki moja kabla ya siku ya kukabidhi ripoti, niliitwa Kampala kwa mambo ya karatasi zangu. Nilidhani ni siku mbili. Zikawa siku tisa. Mnajua ofisi: njoo kesho, njoo Jumatatu. Simu yangu ikaisha chaji, halafu ikaisha salio. Na funguo zote mbili zilikuwa shingoni mwangu, Kampala.

Niliporudi nilimkuta yule binti getini. Hakunifokea. Mtoto aliyelelewa vizuri hamfokei dada yake mkubwa. Alisema tu, "Dada, nilikuja kila siku." Ripoti yake aliiandika upya kwa mkono, usiku mbili, kwa tochi ya simu ya mama yake. Vipimo vingine alikuwa ameshavisahau kwa sababu viliandikwa kwenye laptopu peke yake. Wenzake wengi hawakuandika upya. Walikabidhi walichokuwa nacho, kurasa mbili, tatu, na wengine hawakukabidhi siku hiyo.

Wangeweza kuvunja mlango. Mlinzi aliniambia baadaye kwamba mwalimu mkuu alifika mpaka pale na nyundo mkononi, akasimama, akarudi. Kwa sababu hata ndani wangeingia, neno la siri wasingekuwa nalo.

Mwalimu mkuu, ambaye wazazi Wakongo wengi bado wanamwita prefe kama kule kwetu, aliniita ofisini. Nilijiandaa kugombezwa. Akanipa kiti, akanipa chai, kisha akaniuliza swali moja: "Mwanangu, ukipata ndege kesho, nani atafungua?"

Hapo nikazikumbuka zile laptopu 11 chini ya kitenge. Nikayakumbuka na maneno yangu: huyu naye alikuwa anafikiria nini? Jibu nimelipata. Alikuwa anafikiria kama mimi. Alifikiri kwamba kuongoza ni kuwa mtu ambaye bila yeye hakuna kinachokwenda.

Msikilizaji, kila mahali hilo ni kosa. Kambini ni kosa kubwa zaidi. Hapa hakuna mtu wa kudumu. Mwalimu anahamishwa, mfadhili anamaliza mkataba, jirani anarudi Burundi, rafiki anaitwa ndege. Kitu kinachokaa kichwani mwa mtu mmoja, kambini, kimeshapanda basi kuondoka.

(Muziki mfupi, sekunde 5.)

Usidhani ni sisi wadogo tu tunaokosea. Wiki ile nilikaa redioni jioni nikisoma, nikakuta wakubwa nao wamepita njia hii hii.

Mwaka 2005, Nicholas Negroponte, profesa wa Marekani, alitangaza mpango wa kutengeneza laptopu ya dola 100 kwa kila mtoto wa nchi maskini. Ilikuwa mashine ndogo, nyeupe na kijani, imara, nzuri. Ilipoanza kutoka kiwandani mwaka 2007 bei yake ilikuwa karibu dola 200. Jirani zetu Rwanda waliingia kwenye mpango huo, wakagawa zaidi ya laki mbili. Peru, kule Amerika ya Kusini, waligawa zaidi ya laki nane. Watafiti wakazifuata shule 319 za huko Peru, na mwaka 2012 wakatoa matokeo yao: hawakuona ushahidi kwamba alama za hesabu na kusoma zimepanda. Watoto waliijua kompyuta, ndiyo. Lakini darasa liliendelea vile vile, kwa sababu mashine zilifika, lakini mwalimu hakupata msaada wa kutosha wa kuzitumia kufundishia.

Uruguay nao walianza mwaka 2007 na laptopu za aina ile ile. Kufikia mwaka 2009 kila mtoto wa shule ya msingi ya serikali alikuwa nayo. Lakini wao waliunda chombo maalumu chenye kazi ya kutengeneza zilizoharibika, kuunganisha shule na intaneti na kuwafundisha walimu. Chombo hicho kipo mpaka leo. Laptopu ile ile, lakini huku kuna watu waliopewa kazi ya kuitunza, na kule hawakutosha.

Sisi hatuna chombo cha serikali. Lakini tuna watu. Nikamwomba mwalimu mkuu aitishe mkutano.

Tulikaa chini ya mti wa mwembe, walimu, wazazi, wanafunzi, na wenyeji wetu Waganda, kwa sababu watoto wao wanasoma pale pale na wetu. Nilisimama nikasema kosa langu mbele ya wote. Miguu ilitetemeka kuliko siku yangu ya kwanza hewani. Kisha nikazivua zile funguo shingoni nikaziweka mezani.

Mama mmoja akasema, "Sasa umeanza kutusaidia." Watu wakacheka, nami nikacheka.

Haya ndiyo tuliyokubaliana. Nakuambia moja moja ili na wewe uyapeleke shuleni kwenu.

La kwanza, kamati ya watu saba. Mwenyekiti ni mwalimu wa jiografia, mama ambaye siku hiyo hakuwa anajua hata kuwasha. Tulimchagua kwa sababu nyingine: hajawahi kuchelewa, na akisema jambo linafanyika. Fundi wa sokoni akapewa umeme, yeye na si mimi. Mlinzi yumo, maana yeye yupo usiku. Mzazi mmoja mkimbizi, mzazi mmoja mwenyeji. Wanafunzi wawili, mvulana na msichana. Msichana ni yule wa sabuni. Mimi nikawa mshauri. Sina ufunguo.

La pili, kila kitu kijulikane na watu watatu. Neno la siri liliandikwa kwenye karatasi mbili, zikatiwa kwenye bahasha mbili, zikafungwa na kutiwa sahihi. Moja iko kabati la mwalimu mkuu, moja kwa mwenyekiti wa wazazi. Bahasha ikifunguliwa, neno linabadilishwa, linaandikwa jipya. Na wanafunzi wana akaunti zao tofauti, ili asiwepo wa kufuta kazi ya mwenzake.

La tatu, daftari. Si kompyuta, ni daftari kubwa la jalada gumu. Kila laptopu ina namba iliyoandikwa kwa rangi ya kucha. Nani amechukua, saa ngapi, amerudisha saa ngapi, ina tatizo gani. Laptopu namba 17 inajizima, imeandikwa. Chaja namba 5 imelegea, imeandikwa. Mtu mpya akija, anasoma daftari na anajua hali ya kila kitu kabla hajauliza.

La nne, walimu kwanza. Kwa wiki tatu wanafunzi hawakuingia. Walilalamika sana. Walimu walijifunza jioni, mlango umefungwa, pazia limeshushwa, wao kwa wao. Mimi nilikuwa nafundisha mikono ikiwa mgongoni. Nilijiwekea sheria hiyo: sitagusa kibodi ya mtu. Mtu akikwama nasubiri. Akiuliza najibu. Usione ni jambo dogo, mikono inawasha! Lakini mtu aliyebonyeza mwenyewe mara tatu hasahau. Yule mwalimu wa hesabu sasa anatengeneza majedwali ya alama za darasa lake, na anawafundisha walimu wengine. Ana subira kuliko mimi.

La tano, tusingoje intaneti. Intaneti yetu ni ya kununua, na pesa haipo. Kuna programu ya bure inayoitwa Kolibri. Unaiweka kwenye kompyuta moja pamoja na masomo, na kompyuta nyingine zinajiunga nayo kwa mawimbi ya humo humo chumbani, bila intaneti yoyote. Kuna nyingine, pia ya bure, inaitwa Kiwix. Hiyo inakuwezesha kuisoma Wikipedia bila intaneti, hata Wikipedia ya Kiswahili. Unapakua mara moja mahali penye intaneti, kama sisi tulivyopakulia redioni usiku, unabeba kwenye flashi, basi. Watoto waliotoka Congo mwaka huu, ambao walisoma kwa Kifaransa na sasa wanapambana na Kiingereza, wanasoma kitu kwanza kwa lugha wanayoielewa, halafu wanarudi kwenye kitabu cha hapa.

Hayo ndiyo matano. Hakuna hata moja linalohitaji injinia.

(Muziki mfupi, sekunde 5.)

Sasa nikumalizie habari ya zile laptopu 11.

Mwenyekiti wetu, mwalimu wa jiografia, ndiye aliyeuliza jambo ambalo mimi sikuwaza: "Huyo kijana si ana ndugu hapa?" Tukamtafuta shangazi yake. Shangazi akatoa namba. Kijana yuko Kanada, anafanya kazi za usiku. Akatutumia ujumbe wa sauti. Kwanza alinyamaza muda mrefu, halafu akasema, "Bado zipo? Nilidhani mlishafungua." Akatupa neno la siri.

Tukaandika. Likakataa. Tukaandika tena, herufi ndogo, herufi kubwa. Likakataa. Mimi nikasema amesahau, ni miaka minne. Nilikuwa tayari kuzifuta zote na kuanza upya.

Mvulana wa kamati akasema, "Dada, ngoja." Kibodi za zile laptopu zilikuwa za Kifaransa, zimetoka Ulaya. Lakini vitufe vyake vingi vilikufa kwa vumbi, ndiyo maana tulikuwa tumechomeka kibodi ya nje ya Kiingereza. Yeye amesomea Bukavu, anaijua kibodi ya Kifaransa: pale penye q kwenye ya Kiingereza, kwenye ya Kifaransa pameandikwa a. Na ukurasa wa kuingilia wa ile kompyuta ulikuwa umepangwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo yule kijana kila alipobonyeza pale kitufe chenye a, kompyuta ilikuwa inapokea q, muda wote, bila yeye kujua, kwa sababu neno la siri halionekani, ni vidoti tu. Mvulana akaandika lile neno, penye a akaweka q.

Ikafunguka.

Zilifunguka tisa. Mbili zimekufa kabisa, fundi amechukua vipuri. Ndani tulikuta muhtasari wa historia na biolojia uliochapwa na mwalimu aliyekwisha kurudi kwao, kurasa nyingi, safi, na wanafunzi wa mwaka huu wanausomea. Kama wangenisikiliza mimi, ningekuwa nimefuta vyote jioni ile.

Basi, msikilizaji, kama shule yenu imepokea kompyuta au inatarajia kupokea, usianze kuuliza nani mtaalamu. Uliza haya. Funguo ziko kwa nani, na wa pili ni nani, na wa tatu? Neno la siri limeandikwa wapi? Umeme unatosha mashine ngapi kwa mara moja? Walimu wamepata nafasi ya kukosea bila kuchekwa? Na mtoto akija zamu yake na aliyezoeleka hayupo, atafunguliwa?

Kama wewe ndiye yule kijana anayeitwa kila kitu kikigoma, nakuomba kama ndugu yako: fundisha mtu wiki hii. Usingoje tarehe ya ndege.

Binti wa sabuni ameandika upya ripoti yake kwenye laptopu, mara hii na vipimo vyote. Haikuwa lazima, ilishapokelewa. Alisema anataka mama yake awe nayo imechapwa. Namba za laptopu na chaja sasa anazishika yeye, na mwezi ujao atamwachia msichana wa kidato cha pili anayemfundisha.

Na mimi? Wiki iliyopita niliitwa kwenye mahojiano ya safari. Bado sijui kitakachotokea, na wengi wenu mnajua kusubiri huko kulivyo. Mahojiano yalikuwa Ijumaa, siku ya kidato cha tatu kutumia kompyuta. Nilikaa kule kutwa nzima, simu imezimwa. Jioni niliiwasha, nikitegemea kukuta simu zilizokosekana kutoka shuleni.

Haikuwepo hata moja. Nilimpigia mlinzi kuuliza. Akasema, "Walifungua saa mbili, kama kawaida."

Kama shuleni kwenu mna njia yenu ya kutunza kompyuta, au mna swali, liandikeni kwenye karatasi mlete kwenye kibanda cha redio, au mtume na mtoto anayepita. Wiki ijayo tutazisoma hewani. Usiku mwema, na Mungu awalinde.

(Muziki wa kufunga, sekunde 20.)